Mwaka wa Kumpakia Shemeji

Siku Mama alipomwita mwongo mbele ya picha ya marehemu baba yake, Kitinda hakulia. Aliinuka, akaenda jikoni, akaosha vyombo vyote vilivyokuwa vichafu na vingine vilivyokuwa safi, kisha akarudi sebuleni akakaa kwenye kiti chake kana kwamba hakuna lililotokea. Watu wakadhani yamekwisha. Dada yake akamletea chai. Mjomba akamtania. Na Shemeji, mume wa Dada, aliyekuwa chanzo cha yote hayo, akampigapiga begani akamwambia, "Ni mchezo tu, shemeji, usiweke moyoni." Kitinda akatabasamu. Aliweka moyoni, akafunga kwa kufuli, na ufunguo akabaki nao mwenyewe.

Mchezo wenyewe ulianzishwa na Baba. Alikuwa dereva wa greda, mtu aliyemaliza maisha yake akisawazisha barabara za vumbi mahali ambako hata wachora ramani walikuwa wanabahatisha. Kila alikopita aliona wanyama, na kila aliporudi nyumbani aliwasimulia. Watoto nao wakaanza kuhesabu wa kwao, mpaka ikawa ndiyo kawaida ya nyumba ile: yeyote anayesafiri aweke kumbukumbu ya kila aina ya mnyama wa porini aliyemwona njiani tangu mwaka unapoanza, na mwaka unapoisha wote wakutane sebuleni kwa Mama, kila mtu asome, Mama aandike orodha ya mwaka. Mwenye aina nyingi kuliko wenzake anakabidhiwa darubini ya Baba, ile nzito yenye mkanda wa ngozi, anakaa nayo mpaka mwaka unaofuata. Wakifungana, inabaki kwa aliyekuwa nayo.

Baba alikuwa na msimamo mkali juu ya jambo moja. Picha hazikubaliki. Marufuku hiyo ililetwa na Mjomba, ambaye mwaka mmoja alikuja na picha ya kifaru, nzuri ajabu, kifaru ametulia kama anapigwa picha ya kitambulisho, mpaka Mama alipoigeuza akakuta tangazo la duka la matairi na tarehe za mwezi wa nane. Tangu siku hiyo Baba akasema mnyama ataingia kwenye orodha kwa kinywa cha shahidi tu. Yaani mtu mwingine uliyekuwa naye safarini, aliyemwona mnyama yuleyule, naye aje kwa miguu yake mbele ya Mama aseme, "Nilimwona." Bila shahidi, hata umlete tembo umemfunga kamba, haandikwi. Baba alipofariki, picha yake ikatundikwa sebuleni, na mashahidi wakaanza kusema maneno yao wakiitazama.

Kitinda alikuwa fundi wa pampu za maji. Jina lake halisi lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Kwa kuwa alikuwa kitindamimba, wote walimwita Kitinda, hata wateja. Alikuwa na pikapu iliyojaa mabomba, spana na vumbi, na alizunguka kwenye visima vya mashule na zahanati, mbali kabisa na lami. Shemeji alikuwa mpima macho. Si daktari, ingawa aliitika akiitwa Daktari, na kadiri alivyoitika ndivyo watu walivyozidi kumwita hivyo. Alizunguka miji midogo na sanduku la lenzi na ule ubao wa herufi zinazoanza kubwa na kuishia kama sisimizi, akiwapima walimu na mafundi cherehani. Mama alimpenda mno. Ni yeye aliyemtengenezea miwani iliyomwezesha tena kusoma na kupitisha uzi kwenye sindano bila kuomba msaada wa mtu. Toka hapo, mkwe akisema jua ni baridi, Mama anatafuta sweta.

Basi mwaka ule wa aibu, injini ya gari la Shemeji iliharibika, na Kitinda, kwa ukarimu ambao baadaye aliulaani, akampakia kwenda mji ambako wote wawili walikuwa na kazi. Asubuhi, kwenye mteremko baada ya daraja, simbamangu akatokea. Kitinda aliyajua mara moja yale masikio marefu yenye vishungi vyeusi. Paka mkubwa, rangi ya udongo mwekundu, alinyata kwenye majani, akaruka juu kama aliyerushwa, akamdaka kwale angani. Shemeji alimshika Kitinda mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaacha alama. "Simbamangu," alinong'ona. "Shemeji, simbamangu yule!" Wakamtazama, injini imezimwa, mpaka mnyama alipoingia vichakani na kifungua kinywa chake.

Wiki chache baadaye wakakutana kwa Mama. Kitinda na Shemeji walikuwa wamefungana, na darubini ilikuwa kwa Shemeji. Akabaki huyo simbamangu. Kitinda akamtaja, Mama akauliza shahidi, Kitinda akamwonyesha Shemeji kwa kidole, akitabasamu, maana alijua amekwishashinda.

Shemeji alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Mama, ningependa sana kumsaidia shemeji yangu," akasema kwa upole. "Lakini mimi sikuona kitu. Labda alikuwa mbwa. Alikuwa ameendesha gari tangu alfajiri, maskini, macho yakichoka huwa yanaona mengi. Mimi ndiyo kazi yangu, najua."

Kwanza Kitinda alicheka, akidhani ni utani. Alipoona uso wa Shemeji hautanii, alianza kueleza kwa haraka, masikio, vishungi, kwale, mkono ulioshikwa, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana mtu anayetunga. Mama akaweka kalamu mezani. "Kitinda," akasema, "baba yako anakutazama. Kama ni darubini unaitaka, iombe upewe. Lakini usitudanganye mbele yake."

Hapo ndipo alipokwenda kuosha vyombo.

Jina likamganda. Watoto wa Dada wakaanza kumwita Mama Mdogo Simbamangu. Mjomba alimpigia simu na kuunguruma. Habari zikafika mpaka kwenye duka la vipuri, ambako muuzaji, akiulizwa kama mpira wa pampu fulani upo, alijibu, "Upo, nimeuona. Nimeuona kweli lakini, siyo kama yule wako." Yote hayo Kitinda aliyameza. Lililokataa kushuka ni moja tu, kwamba Mama, aliyemzaa na kumlea na kumjua kwamba hata alipovunja chungu cha udongo utotoni alikwenda mwenyewe kujishtaki, alisikia maneno mawili, la mwanawe na la mkwe, akachagua la mkwe bila hata kupepesa jicho.

Kwa hiyo alitaka kisasi, na hakuona haya kukitaka. Tena hakutaka kile cha kumtilia mtu chumvi kwenye chai. Alitaka yule bwana asimame palepale alipokuwa amesimama yeye, kwenye zulia lile, chini ya picha ile, akisema kweli tupu, na asiaminiwe. Alitaka jasho lile limtoke. Na Mama awe anatazama.

Alianza mwaka mpya kwa kupiga simu. "Shemeji, gari lako bado halijapona? Basi usihangaike na nauli. Wiki hii naelekea upande wako wa kazi, nitakupitia."

Wiki za mwanzo Shemeji alikuwa akimtazama kwa pembeni, kama mtu aliyekaribishwa kiti na mbwa aliyemrushia jiwe jana. Kitinda akawa anaimba nyimbo za redio, anamuuliza habari za wagonjwa wake, anamgawia mkate na mayai ya kuchemsha. Alimbebea hata lile sanduku la lenzi. Mwezi haukuisha, Shemeji akawa amejiegemeza kitini, viatu amevua, anamweleza namna ya kuendesha gari. Mtu aliyemkosea mwenzake husahau upesi kwa sababu yeye hakuumia, na huyu alisahau mpaka akaanza kulalamika kwamba kiti cha pikapu ni kigumu.

Na wanyama, kana kwamba wamekodiwa, walitokea kwa wingi mwaka ule kuliko miaka yote. Tandala dume alisimama kando ya njia ya kisima cha shule, pembe zake zimejizungusha, akawatazama kwa dharau wakapita. Nyegere alivuka barabara mchana kweupe bila kuharakisha, akiwa na sura ya mkopeshaji. Fisi maji wawili walicheza chini ya bwawa ambako Kitinda alikuwa anabadilisha pampu. Pimbi, mondo, mbuzi mawe, korongo wa kila namna. Kila mara Shemeji alipiga dashibodi kwa furaha, akaandika kwenye simu yake, akamgeukia. "Umemwona? Utanishuhudia, sivyo?"

"Wewe siku hiyo mtaje tu, Shemeji," Kitinda alijibu, macho barabarani. "Mama akiniuliza, nitamjibu."

Hakuwahi kusema zaidi ya hapo. Familia ilipokutana kula, na Shemeji akaanza kusimulia nyegere wake huku akipanua mabega, Kitinda alikuwa wa kwanza kuinuka kwenda kuongeza chai. Hakuna aliyemsikia akisema aliona wala hakuona. Na yeye mwenyewe hakuandika hata mnyama mmoja. Hilo ndilo lililomuuma kwa mwaka mzima. Usidhani ilikuwa rahisi. Wale fisi maji alitaka kuwapigia watu kelele. Lakini alijua kwamba akitaja mmoja, atakuwa ameutoboa mtego wake, kwa hiyo akawaona wote na kuwaacha wapite, kama mtu mwenye njaa anayepakua chakula cha wageni.

Katikati ya mwaka alikaribia kulegea. Miwani yake ya kazi ilipasuka alipokuwa anakata bomba, na Shemeji, bila kuombwa, akamtengenezea mpya jioni ileile, akakaza skrubu zake ndogo kwa subira, akamvisha, akarudi nyuma kuangalia kama imekaa sawa. "Sasa unaona?" akauliza, na uso wake ulikuwa wa ndugu. Kesho yake wakakutana na mbwa mwitu. Kundi zima lilikuwa limejilaza katikati ya barabara, masikio ya duara kama vijiko, rangi zao za kumwagiwamwagiwa, na vitoto vinakanyagana. Pikapu ilisimama. Kitinda alipomgeukia Shemeji, alimkuta anafuta machozi.

Moyo ukamlainika. Akajiambia, nampa nafasi moja. Akiitumia, nayasahau yote, nakwenda kwa Mama kumshuhudia mnyama mmoja mmoja, na darubini achukue.

"Shemeji," akasema taratibu, "tuko wawili tu hapa. Yule simbamangu wa mwaka jana. Niambie tu."

Shemeji akapenga kamasi. Akamtazama, akaanza kucheka, kicheko cha mtu anayemhurumia mtoto. "Bado tu unaye huyo mnyama wako wa ndotoni? Shemeji, mimi nakwambia kama mtaalamu, lile jambo liache. Utajichosha bure."

Wawili tu ndani ya gari, hakuna Mama, hakuna darubini, hakuna wa kumcheka, na bado hakuweza kulitema neno moja. Kitinda akawasha gari. Mbwa mwitu wakainuka mmoja mmoja, wakampisha. Kwa siku zote zilizobaki za mwaka ule alikuwa mchangamfu kuliko alivyowahi kuwa.

Siku ya kusoma ilipofika, Kitinda alimpitia Shemeji na Dada na watoto kwa pikapu ileile, akawashusha mlangoni kwa Mama kama dereva wa harusi. Ilikuwa alasiri yenye joto. Viti vya plastiki vimeazimwa kwa jirani, madirisha yako wazi, Mjomba tayari amekalia kiti kizuri. Mama alikuwa mezani na lile daftari kubwa la orodha, miwani puani. Shemeji alivaa koti. Alikuwa na faili lenye karatasi zilizochapwa, kila mnyama na mahali pake.

Kwa kawaida ya nyumba ile mdogo husoma kwanza. "Mimi mwaka huu sina kitu," Kitinda akasema.

"Hata simbamangu?" Mjomba akauliza, na watu wakacheka, na Kitinda akacheka nao. Dada alikuwa na mijusi na kanga. Mjomba alikuwa na nyani ambao shahidi wao alisema walikuwa wa mbali sana na huenda walikuwa watu. Kisha Shemeji akasimama, akakohoa kidogo, akafungua faili.

"Tandala mkubwa, dume. Njia ya kwenda kisima cha shule."

"Shahidi?" Mama akauliza.

"Shemeji yangu huyu hapa. Wote walio humu shahidi ni yeye, Mama, tutamchosha leo."

Mama akamgeukia Kitinda. "Ulimwona?"

Kitinda akasimama, akaitazama picha ya baba yake sawasawa, yule mzee na kofia yake ya kazi. "Sikumwona, Mama."

Shemeji akacheka. "Ananitania. Haya, nyegere. Barabara ya zahanati, mchana."

"Ulimwona?"

"Sikumwona."

"Shemeji, bwana." Kicheko kilikuwa kimepungua. "Fisi maji. Wawili. Wewe si ulikuwa umeinama pale pale kwenye pampu, nikakuita?"

"Nilikuwa nimeinama," Kitinda akakubali. "Sikuona kitu. Labda yalikuwa magogo. Ulikuwa umechoka siku ile, maskini."

Shemeji akataja mondo. Hakumwona. Akataja pimbi, mnyama ambaye amejaa kila mwamba na hata kipofu angemkanyaga. Hakumwona. Alikuwa anasoma kwa kasi sasa, na kila jina lilipotoka Kitinda alilikata kwa upole uleule, bila kuinua sauti. Jasho lilimtoka yule bwana kwenye paji la uso likashuka mpaka kwenye miwani. Kitinda alilitazama jasho lile kila tone, na siwezi kukudanganya kwamba aliona huruma. Ilikuwa tamu. Alijisikia kama mtu aliyevua viatu vilivyombana mwaka mzima.

"Mbwa mwitu!" Shemeji akasema, karibu na kilio. "Kundi zima, barabarani! Tulisimama! Mimi nililia, shemeji, ulinitazama nikilia!"

"Nilikuona ukifuta macho," Kitinda akasema. "Nikadhani vumbi."

Shemeji akatupa faili kwenye kiti. "Mama, huyu anadanganya! Wote aliwaona!"

Mama alikuwa ameinua kalamu, hajaandika hata herufi. Alisema polepole, "Mkwe wangu, mimi sielewi. Mtu aone kwa macho yake, halafu aje hapa mbele ya marehemu aseme hakuona? Nani anaweza kufanya jambo kama hilo?"

"Anaweza, Mama! Mtu anaweza kabisa! Mimi mwenyewe si nilifanya? Yule simbamangu nilimwona, nikasema sikumwona, na sasa ananilipa!"

Maneno yalikwisha kutoka ndipo akayasikia. Dada, aliyekuwa mlangoni na sinia, akaliweka sinia chini sakafuni taratibu kana kwamba ndani yake kuna mtoto amelala. Mjomba akatazama dari. Na Kitinda, ambaye alikuwa ameingojea sentensi ile kwa mwaka mzima na hakuwahi kuthubutu kuamini kwamba angeipata nzima namna ile, akaketi kwenye kiti chake.

"Na wewe?" Mama akamuuliza. "Sasa sema. Uliwaona?"

"Niliwaona, Mama. Wote." Akaanza kuwataja, na aliwataja vizuri kuliko faili: tandala alivyotikisa sikio moja, fisi maji wawili walivyogombania kaa, vitoto vya mbwa mwitu vilivyokanyagana. Mwaka mzima ulikuwa umemjaa kifuani, na ulipotoka ulitoka na machozi. Hata hivyo alikuwa anatabasamu. "Ni wake. Mwandikie. Darubini mpe. Mimi nilitaka asimame pale tu."

Mama akafunga daftari. "Mwaka huu haandikwi mtu," akasema.

Shemeji alitoka nje akikusudia kuondoka kwa hasira, akafika getini akakumbuka kwamba gari lililomleta ni pikapu ya Kitinda. Akabaki amesimama pale na koti lake, akijifanya anaongea na simu. Dada akamfuata. Sauti yake ilisikika mpaka ndani, na haikuwa ya kubembeleza. Watoto wakaenda kwa jirani kurudisha viti. Mjomba alimsogelea Kitinda, akataka kusema jambo, akaishia kumshika mkono na kusema, "Basi tena, mpwa wangu," kisha akaenda zake.

Kitinda akaingia jikoni. Safari hii hakwenda kuosha vyombo, alikwenda kunywa maji, maana koo lilikuwa limekauka kwa raha. Mama akamfuata, akarudisha mlango nyuma yake. Alivua miwani ya mkwe wake akaishika mkononi. Kitinda alijua kinachokuja. Alikuwa amekifikiria kwenye kila kilomita ya vumbi: Mama ataomba radhi, naye atamwachia aombe kidogo, asimkatize upesi.

"Nilijua," Mama akasema.

"Ulijua nini, Mama?"

"Kwamba ulimwona huyo simbamangu. Nilijua tangu siku ileile. Mkwe wangu akisema uongo huwa anafuta miwani, nami nimemjua siku nyingi." Akavuta kigoda akakaa. "Na wewe nakujua. Hujawahi kunidanganya."

Kitinda hakuelewa. Alisikia maneno vizuri, moja moja, lakini hayakukaa pamoja. "Uliniita mwongo," akasema. "Mbele ya Baba."

"Dada yako wakati ule alikuwa amefungasha nguo zake. Unakumbuka alilala hapa kwangu karibu mwezi, nikawaambia ni mafua? Yule bwana alikuwa anatafuta sababu ya kuondoka. Ningemwambia mbele ya watu kwamba ni mwongo, angechukua koti siku ile na asirudi, na wale watoto wangebaki mikononi mwangu." Mama akainua uso. Bila miwani macho yake yalikuwa madogo na yamechoka. "Ilibidi mmoja wenu aumie. Nikajua wewe huendi popote. Ukiumia utaosha vyombo, utarudi ukae."

Nje, Dada alikuwa bado anasema. Kitinda alisimama na bilauri ya maji mkononi. Ile raha aliyoingia nayo jikoni aliitafuta kifuani hakuiona. Mwaka mzima alikuwa amembeba mtu asiye mwenyewe. Amempa mtu yule mkate wake, amempa mayai, ameacha wanyama wa maisha yake wapite bila kuandikwa, amemnyanyua kwa ustadi mkubwa na kumwangusha kwa ustadi mkubwa, na aliyemuumiza zaidi alikuwa hapa nyumbani muda wote, amekaa na daftari, anajua.

Alifikiri atapiga kelele. Hazikuja. Kilichokuja ni utulivu aliokuwa ameuzoea, ule wa kuendesha gari asubuhi na mtu pembeni amevua viatu. Akamimina maji yaliyobaki kwenye sinki, akaifuta bilauri, akaiweka mahali pake.

"Mama," akasema kwa sauti nzuri kabisa, "wewe hutoki siku hizi. Unakaa hapa ndani mwaka mzima, unaandika wanyama wa watu wengine. Si haki."

"Nitakwenda wapi mimi, na miguu hii?"

"Mwaka huu unaoanza nitakupakia. Kila ninakokwenda twende wote. Nitakubebea mto wa kukalia."

Mama alimtazama. Alivaa miwani, akamtazama tena. Alikuwa mwanamke mwenye akili, na Kitinda aliona kabisa kwamba ameelewa ni safari ya namna gani. Lakini hakukataa.

"Nikae mbele au nyuma?" akauliza.

"Mbele, Mama," Kitinda akasema. "Ukae mbele, uone vizuri."